Mwaka Tulioandika Kitabu cha Opereta

Siku tulipomzika Jerono kwao Plateau, mtu aliyekuwa akiongoza shughuli alitaka kumpa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo mdomoni. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akangoja upepo utulie kidogo juu ya maturubai, kisha akasema, "Wananchi, huyu mama hakuwa mwanamke. Huyu alikuwa mwanaume!" Watu wakapiga makofi. Akina mama wa kanisa wakaitikia amina. Mimi nilifunika uso kwa leso, na walioketi karibu nami wakadhani nalia, kumbe nilikuwa nacheka kwa mara ya kwanza tangu nipate habari za kifo chake. Kando yangu mzee mmoja mwenye mvi, amevaa koti la suti lililomzidi mabega, naye alikuwa akitikisika. Nilimtazama mara mbili ndipo nikamtambua. Alikuwa Simiyu, yule kijana wa Nairobi aliyetuandikia programu ya kompyuta enzi zile nikiwa msichana kwenye kazi yangu ya kwanza. Akaniinamia akanong'ona, "Hiyo sentensi angeirudisha na wino mwekundu, Wambui." Nikamjibu, "Na angekwambia uiandike upya kabla ya chai." Tukakaa hivyo, wazee wawili wasio na adabu matangani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kwisha. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ushirika wa wakulima wa mahindi pale Eldoret, kwenye jengo la ghorofa moja lililonuka magunia na dawa ya kuua wadudu. Picha ya Rais ilikuwa juu ya kila mlango wa ndani, na wakubwa wote walivaa beji ya chama kwenye koti, hata wale waliokuwa na koti moja tu. Katikati ya jengo hilo palikuwa na chumba kisichofanana na kingine chochote. Kilikuwa na zulia la kijani, mapazia mazito, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe kama cha kochi la sebuleni. Kabla ya kuingia ulivua viatu. Meneja Mkuu mwenyewe, Bwana Kirwa, alivua viatu, na ndivyo sote tulivyokuja kujua kwamba soksi zake zilikuwa na matundu. Leo wajukuu wangu wanalala na simu chini ya mto, nami nawatazama nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiingia chumbani mle kwa kunyata, kila asubuhi, niondoe kile kitambaa, nifinye kitufe, nisikie mashine ikikoroma kama mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka. Mimi ndiye niliyeiwasha. Mimi ndiye niliyeingiza majina ya wakulima na uzito wa mahindi yao. Lakini kwa ofisi nilikuwa taipisti, kwa sababu mwanamke aliyekaa mbele ya kitu chenye herufi alikuwa taipisti, basi.

Jerono aliletwa mwaka ule kuandika kitabu cha maelezo. Ushirika ulikuwa umeamua kupeleka kompyuta kwenye depo za mashambani, na programu aliyoitunga Simiyu ilikuja na maelezo ya Kiingereza ambayo hata sisi wa mjini yalitutoa jasho. Jerono alikuwa amesomea mambo ya kompyuta Nairobi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aliongea polepole kama mtu anayemsomea mwingine imla. Alivaa sweta moja la rangi ya udongo mwaka mzima. Siku ya kwanza alinikuta nikipiga taipu maelezo ya Simiyu, akachukua kurasa zilizokuwa tayari, akasimama nazo dirishani.

"Umeisoma hii, ama umepiga tu?" akaniuliza.

"Nimepiga tu, Madam."

"Basi soma. Halafu uniambie ni nani anaishi ndani yake."

Nilifikiri ni maneno ya wasomi. Nilisoma, nikarudi nikamwambia kwamba ndani yake kuna opereta. Opereta anafika asubuhi, anawasha mashine, anaweka diski, anachapisha risiti za wakulima.

"Huyo opereta ni mwanamume ama mwanamke?"

"Mwanamume."

"Umejuaje?"

"Inasema 'he', Madam. Kila mahali ni 'he'."

"Na hapa kwetu nani anaweka diski asubuhi?"

Nikajua anakonipeleka. Hakunisukuma. Alirudisha kurasa mezani, akazinyoosha kingo, akasema kwamba kitabu kinachoeleza kazi ya mtu halafu kikamtoa huyo mtu nje ni kitabu chenye kosa, sawa na kile kinachokuambia ufinye kitufe kisichokuwepo. Sikuwahi kumsikia mtu akiliita jambo kama hilo kosa la kazi. Nilikuwa nimezoea kuliona kama hali ya hewa.

Jambo lenyewe halikuwa la maneno matupu. Wiki chache baadaye tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi: depo zitahitaji maopereta, cheo juu ya taipisti, na nyumba ya kukaa. Aliyeandika tangazo alikuwa amenakili sentensi moja kwa moja kutoka maelezo ya Simiyu, pamoja na "he" zake zote. Nilienda kwa Bwana Kirwa nikiwa nimejipa moyo njia nzima ya ukumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanionyesha tangazo kwa kalamu yake. "Wambui, wewe ni mchapa kazi. Lakini kitabu chenyewe kimesema. Sasa mimi nitapinga kitabu?"

Nilipomsimulia Jerono, hakukasirika. Alisema, "Vizuri. Amekubali kwamba kitabu kina nguvu. Sasa twende tukiandike."

Tuliandikia nyumbani kwake zaidi ya ofisini, Jumamosi alasiri, katika nyumba ya vyumba viwili aliyopanga upande wa Kapsoya. Naweza kuchora chumba kile hata leo: meza ya mbao iliyoegemezwa ukutani kwa sababu ya mguu mbovu, kalenda ya duka la mbolea, dirisha lililoingiza baridi ya Julai hata likifungwa. Alipika ugali mgumu wa kukata kwa uzi, na mboga za kienyeji zilizopikwa kwa krimu hadi uchungu wake ukawa utamu, na kila mara alikuwa na mursik kutoka kwao Plateau, maziwa ya kibuyu yenye vumbi la mkaa. Mimi sikuzoea kuyanywa. Aliniwekea kikombe kidogo, akaongeza kidogo wiki iliyofuata, bila kusema neno, hadi nikajikuta naomba. Hata kazi alinifundisha vivyo hivyo.

Kazi ilikuwa kuandika kitabu upya kwa Kiswahili, kwa kuwa makarani wa depo walikielewa kuliko Kiingereza, na kisha kusahihisha Kiingereza chenyewe. Mwanzoni niliona Kiswahili kimetumalizia vita. Nilikuwa nikitafsiri, na zile "he" zikapotea zenyewe njiani: anafika, anawasha, anachapisha. Nilimwambia Jerono kwa furaha kwamba lugha yetu haina ugonjwa huo. Akaendelea kukata ugali. "Usiifanye malaika," akasema. "Nisomee ulivyomwita mtu wa kupima magunia." Nilikuwa nimemwita kijana wa mizani. "Na anayefagia?" Mama wa usafi. "Na mkulima?" Nilikuwa nimeandika Bwana Mkulima, nikidhani ni heshima. Akaniuliza ni akina mama wangapi nawajua wanaolima mahindi Uasin Gishu yote bila bwana yeyote kuonekana shambani. Tukacheka. Nikafuta. Tukaandika mpima mizani, msafishaji, mkulima.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuiona. Kwa Kiingereza, Simiyu aliandika kwamba "he" anampa "her" karatasi, naye "she" anaipiga taipu, na maneno hayo yakakusaidia kujua nani ni nani. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ilikuwa watu wawili gizani. Nani anampa nani? Jerono alitumia alasiri nzima juu ya mistari michache kama hiyo. Alikataa njia ya mkato. Kila mahali alimtaja mtu kwa kazi yake, na alipoona majina ya kazi yanarudiwa hadi yanachosha, aliigeuza sentensi imwambie msomaji mwenyewe: weka diski, funga mlango wake, ngoja taa izime. "Ukimwambia mtu 'weka'," akasema, "huhitaji kujua amevaa nini." Tulibishana pia juu ya "bonyeza". Mimi nililitaka kwa sababu ni la vitabuni. Yeye alisema hajawahi kumsikia mtu wa mashambani kule Sugoi akibonyeza kitu, watu hufinya. Tukaandika finya. Nilivyozidi kukaa naye ndivyo nilivyoona kwamba kumheshimu msomaji kwake kulikuwa kitu kimoja tu, iwe ni neno finya au ni kumwacha mwanamke aingie ndani ya sentensi.

Kitabu kilipokaribia kwisha alitaka kukijaribu kwa watu. Tulipanda lori la mahindi hadi depo ya Moi's Bridge, tukakaa kwenye magunia matupu pamoja na makarani waliokuwa wakinywa chai. Jerono aliwasomea ukurasa wa kwanza wa Kiingereza cha Simiyu, taratibu, akawauliza huyu opereta wanamwona ni nani. Msimamizi wa depo akasema ni kijana wake Kiptoo, yule aliyemaliza shule majuzi. Mwingine akamtaja shemeji yake. Kila mmoja alikuwa na mwanamume wake. Kisha akawasomea ukurasa wetu wa Kiswahili, akauliza tena. Wakafikiri. Msimamizi akakuna kidevu.

"Hapa naona kama ni Chebet," akasema.

Chebet alikuwa mpima mizani wa depo hiyo, mwenye mabega mapana na mtoto amefungwa mgongoni. Alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni.

"Lakini Chebet ana mtoto," yule aliyemtaja shemeji akapinga.

"Mtoto analala," Chebet akasema. "Shemeji yako hata asipokuwa na mtoto, analala yeye mwenyewe."

Chai ilimwagika kwa kicheko. Jerono naye alicheka, lakini nilimwona akiandika kitu pembeni mwa ukurasa, na tulipokuwa tukirudi nilisoma: sentensi hii ni ndefu, Chebet ameuliza mara mbili. Watu walikuwa wamempa ushindi mkubwa, naye aliondoka na sentensi ya kurekebisha.

Ofisini habari zilifika kabla yetu. Ukuta kati ya chumba cha kompyuta na ofisi ya Bwana Kirwa ulikuwa wa mbao nyembamba, na siku hiyo nilikuwa nimeshika kitambaa cha kompyuta mkononi niliposikia sauti ya mzee mmoja wa kamati. "Huyo mwanamke anazunguka depo akiwauliza watu maswali. Hiyo ni siasa, Kirwa." Leo neno hilo halimtishi mtu. Miaka ile lilikuwa neno la kufunga mlango kwanza kabla ya kulitamka. Mtu aliyesemwa kwamba analeta siasa aliweza kukuta kazi imekwisha, au akaja kutembelewa na watu wasiojitambulisha. Nilimtazama Jerono. Naye alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa bila viatu kwenye zulia la kijani, akichonga penseli, na aliendelea kuichonga hadi ncha ikawa kama sindano.

"Wambui," akasema kwa sauti ya chini, "jina lako halimo popote kwenye hii kazi. Ukitaka kuacha leo, acha. Sitakulaumu hata kidogo."

Nilikuwa na hofu, sitasema uongo. Nilimwuliza kama yeye ataacha.

"Mimi nimeajiriwa kuandika kitabu kinachoeleweka," akasema. "Bado hakijaeleweka vizuri."

Nikavuta kiti changu karibu na chake.

Mkutano uliitwa baada ya mvua za Agosti. Simiyu alikuja kutoka Nairobi, kijana wa suti ya kijivu, amekasirika kwamba maelezo yake yamechorwa wino mwekundu. Mimi niliingizwa kuandika kumbukumbu. Bwana Kirwa alikaa mbele, na yule mzee wa kamati kando yake, beji yake ikimeta. Simiyu ndiye aliyeanza, na alizungumza kwa adabu, hilo lazima niseme.

"Madam, hii ni sarufi tu. Kwa Kiingereza, 'he' ni mtu yeyote. Hakuna mtu ametolewa."

"Sawa," Jerono akasema. "Nakubali. Tafadhali tusomee sehemu ya kutunza chumba."

Simiyu akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Msafishaji avue viatu mlangoni. Halafu "she" apanguze meza kwa kitambaa kikavu. Halafu "she" asiguse kitufe chochote. Alipofika hapo sauti yake ilipungua. Alirudi mstari wa juu kwa macho.

"Umesema 'he' ni mtu yeyote," Jerono akasema. "Huku kwenye vumbi alienda wapi?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Bwana Kirwa ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kikubwa cha tumboni. "Simiyu, hapo umeshikwa," akasema. Simiyu hakucheka, ila nilimwona akitoa kalamu na kuweka alama ukurasa ule. Lakini mzee wa kamati aligonga meza kwa kidole.

"Leo ni 'he' na 'she'," akasema. "Kesho mtauliza nini?"

"Kesho tutauliza mashine za depo zitafika lini, Mzee," Jerono akajibu. "Kitabu kiko tayari."

Hakuna aliyejua kama amemkosea Mzee adabu. Mzee alimwangalia, akaangalia kile kitabu mezani, kisha akasema tu kwamba mashine zimechelewa Mombasa. Nimewahi kusikia hotuba nyingi za ujasiri baada ya siku ile, nyingine kwenye viwanja vilivyojaa watu. Sijasikia sentensi iliyonishangaza kuliko hiyo, iliyosemwa kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Uamuzi ulikuwa nusu. Kiswahili kipigwe chapa kilivyo. Kiingereza kibaki cha Simiyu hadi kampuni yake itakapoamua. Na mkataba wa Jerono, ambao wote tulijua ungeongezwa, hautaongezwa. Bwana Kirwa alimwambia hilo akitazama dirishani. Jerono aliomba jambo moja kabla ya kuondoka: kwamba wanaotaka kazi ya opereta wasiulizwe maswali mezani, bali kila mmoja aketishwe mbele ya mashine iliyozimwa, apewe kitabu cha Kiswahili, aachwe. Kirwa alikubali. Nafikiri alikubali kwa aibu, na aibu si kitu kibaya kwa mkubwa kuwa nayo.

Nilifanya jaribio hilo pamoja na wengine, tukiingia mmoja mmoja bila viatu, Simiyu akiwa amesimama nyuma na kalamu. Kiptoo wa msimamizi alikuja, na alifaulu, alikuwa kijana mwerevu. Yule shemeji alifinya kila kitu. Chebet alimwachia mama mmoja mtoto wake ukumbini, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, huku mkono wake ukifuata. Printa ilipoanza kupiga kelele na karatasi ikatoka na jina la mkulima wa mfano, alishtuka akaruka nyuma, kisha akaigusa karatasi kwa kidole kama mtu anayepima chapati kama imeiva. Simiyu aliandika jina lake juu kabisa. Langu alilifuatisha.

Jerono aliondoka wiki hiyo hiyo na masanduku mawili, akaenda kufundisha. Hatukupoteana. Kitabu cha Kiingereza nacho kilibadilika, ingawa si mwaka ule. Simiyu alinieleza matangani kwamba aliporudi Nairobi alikaa na ile alama yake muda mrefu, kwanza kwa hasira. Halafu akajaribu ukurasa mmoja kwa mtindo wa Jerono, akimwambia msomaji weka, funga, ngoja. Ukawa mfupi. Akajaribu mwingine. "Sikubadilika kwa sababu ya haki, Wambui," akasema. "Nilibadilika kwa sababu kazi yake ilisomeka kuliko yangu. Haki nimekuja kuielewa nikiwa na mabinti." Nilimwambia Jerono angeridhika na sababu yoyote, mradi ukurasa uwe sawa.

Chebet alipelekwa depo ya upande wa Sugoi. Mimi nilipewa Moi's Bridge. Asubuhi yangu ya kwanza huko mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Cherangani, na trekta zilikuwa zimepanga foleni hadi barabarani, watu wakifunika mahindi kwa nailoni. Niliwasha mashine. Nikaufuata ukurasa wa kwanza kwa kidole ingawa niliujua kwa moyo, kwa sababu mimi mwenyewe niliupiga taipu. Mkulima mmoja, mzee wa gambuti zilizojaa matope, akaja dirishani, akachungulia ndani, akanipita kwa macho hadi kwenye pembe za chumba.

"Opereta ako wapi?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee."

Nilijiandaa. Nilikuwa na jibu la kila kitu ambacho angeweza kusema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima kutoka mjini. Alinitazama kidogo, akatazama angani, akaweka kofia yake kwenye kizingiti cha dirisha.

"Basi fanya haraka, opereta," akasema. "Mvua inakuja."